Njia ya Stojanka ya Kwenda kwa Evanthia

Hebu mwone Stojanka akija. Anatokea nyuma ya kilima, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, vumbi jeupe limempaka mikono mpaka viwikoni, na ameinua simu yenye kioo kilichopasuka, anaichezesha hewani kama mtu anayeandika namba nane, tena na tena. Ukimsalimia hajibu mpaka amalize. Akishamaliza atakuita kwa jina lako, akuulize umekula nini leo, na jibu lako lisipomridhisha utafuatana naye nyumbani kula.

Kilima chetu hapa Coober Pedy, jangwani Australia, kina nyumba tatu ndani yake: ya Stojanka upande huu, ya Evanthia upande wa pili, na yangu mimi Ferenc, ubavuni mwa Evanthia. Ukisimama juu huoni nyumba yoyote, unaona mabomba matatu ya hewa yamechomoza kwenye mawe. Ndivyo tunavyolikimbia jua.

Stojanka alikuja kutoka Serbia akimfuata mume aliyekuwa akitafuta opali, vito vya thamani vinavyochimbwa hapa. Mume alichimba, naye akachimba. Mume alipofariki watu wakasema sasa atahamia mjini Adelaide. Yeye akanunua nyundo mpya ya umeme ya kuvunjia mwamba. Kila asubuhi alizunguka kilima kwenda kunywa kahawa kwa Evanthia, na kesho yake Evanthia alizunguka kuja kwake, wakigombana tangu mlangoni kama kahawa ile ni ya Kigiriki au ya Kiserbia. Ni kahawa ile ile, nimeinywa kwa wote wawili.

Halafu Evanthia akaanguka jikoni, akavunjika nyonga. Alilala sakafuni hadi Stojanka alipofika na kumkuta. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa anatembelea kigari cha magurudumu, na njia ya kuzunguka kilima, kwa mawe yale na jua lile, ikawa imemshinda. Mwanawe Pandelis akapiga simu: baada ya Pasaka anakuja na gari kumchukua, chumba kiko tayari kwake Adelaide.

"Siwezi kumlaumu," Evanthia alituambia, machozi yakimtoka. "Anasema nikianguka tena nani atanisikia? Ana haki. Lakini huko nitaongea na nani? Na televisheni?"

Stojanka akaweka kikombe chini. "Basi nitapita kwa ndani."

"Kwa ndani wapi?"

"Ndani ya mwamba, we Mgiriki. Natoboa kutoka stoo yangu mpaka jikoni kwako. Utakuja na kigari chako bila kuonja jua, nami nitakusikia hata ukipiga chafya."

"Utanitobolea tangi la maji, mama wee!"

"Ndiyo maana nina hii," akainua simu.

Ndani ya simu kuna kidude kinachohisi sumaku ya dunia. Chini ya ardhi setilaiti za ramani hazikuoni, lakini sumaku hiyo inapenya mwamba kama hakuna kitu, kwa hiyo dira ya simu inafanya kazi hata shimoni. Stojanka alipanda juu ya kilima, akasimama kwenye bomba lake, akaielekeza simu kwenye bomba la Evanthia, akasoma nyuzi za dira. Kisha akashuka stoo, chini ya bomba lile lile, akatafuta nyuzi zile zile ukutani, akapiga alama ya chaki. Alikuwa mwangalifu sana. Aliivua simu kifuniko chake kwa sababu kilikuwa na kishikizo cha sumaku. Kila alipotaka kupima, aliipeleka nyundo mbali kwanza. Nilimwona kwa macho yangu mawili, nikamsifu.

Kwaresima ikaingia, na kila siku tulisikia ngurumo ndani ya kilima. Mimi mgongo wangu ni mbovu, kazi yangu ilikuwa kumpelekea supu na kumwambia apumzike. Supu aliipokea.

Siku moja nilikuwa bafuni, nimejipaka sabuni mwili mzima, nikaona kigae kinatikisika. Kikaanguka. Kikafuata kingine. Halafu ncha ya chuma ikachomoza, nyundo ikazimwa, na tundu likajaa uso wa Stojanka wenye taa kichwani.

"Evanthia?"

"Evanthia ana ndevu siku hizi?" nilisema, nikitafuta taulo.

"Ferenc! Unafanya nini jikoni kwa Evanthia?"

"Naoga! Bafuni kwangu!"

Akaangalia vigae, akaniangalia mimi. "Funika uso tu, jirani. Hayo mengine nimeyaona kwa marehemu."

Lakini hakucheka. Alikaa kwenye kifusi upande wake wa tundu, akazima taa ya kichwani. Pasaka ilikuwa imekaribia. "Nimempoteza," alisema. "Nimechimba kwa nguvu zangu zote, na nimempoteza."

Nikavaa, nikampa maji. Nikamwomba anionyeshe alivyopima tangu mwanzo, pale pale aliposimama. Tukapanda kilimani polepole. Akasimama kwenye bomba lake, akaegemeza kiwiko juu yake ili simu isitikisike, kama alivyofanya mwanzo. Mimi nikawa naangalia simu, yeye anaangalia bomba la Evanthia. Kisha akajikuna, akasogea nyuma kidogo, na nyuzi zikahama.

"Rudi," nikamwambia. Akarudi, nyuzi zikahama tena.

Tukaliangalia bomba. La chuma, nene, marehemu alilitoa kwenye mtambo wa zamani.

"Nimeiondoa nyundo, nimevua kifuniko," Stojanka alisema taratibu, "halafu nikaenda kuegemea chuma kikubwa kuliko vyote kilimani."

"Mimi nilikuwa nimesimama papa hapa nikikusifu," nikasema. Hapo ndipo tulipocheka mpaka tukashikana.

Safari hii alirudi nyuma, mbali na chuma, mpaka mabomba yote mawili, lake na la Evanthia, yakakaa mstari mmoja machoni pake. Akachora namba nane yake hewani kuizindua dira, akapima, akapima tena. Chini nako akasogea mbali na bomba kabla ya kupiga chaki mpya. Mwamba wetu ni laini na njia ya kwanza ilikuwa imekwisha kula nusu ya kazi, akakata kona kutoka humo.

Ijumaa Kuu tulikuwa jikoni kwa Evanthia, mimi na yeye, tumekaa tukiutazama ukuta. Vumbi likaanza kudondoka pembeni mwa kabati la vikombe. Evanthia akashika msalaba wake. Ukuta ukafunguka, mkono mweupe kwa vumbi ukatokea na kuonyesha kiganja, kama wa mtu anayeomba kitu.

"Kahawa," sauti ikasema.

"Ya Kigiriki!" Evanthia akapiga kelele huku akilia. Akaushika mkono ule akaubusu, vumbi na yote, akasema asante kwa lugha zote anazozijua.

Pandelis alipofika alimkuta mama yake hayupo. Akaita kwa hofu, na jibu likamjia kutoka ndani ya ukuta: "Niko kwa Stojanka, mwanangu, pita kwa ndani, inama kichwa!" Alipita. Akala, akaipita njia ile mara kadhaa akigusa kuta zake kwa mkono. Jioni akamwambia mama yake kwamba atakuja kila Pasaka, na chumba cha Adelaide atampa mpangaji.

Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Akafungua mlango, hakuingia.

"Mzee Ferenc," akaniuliza, "huyu mama Stojanka alichimba kwa ajili ya mama yangu, au kwa ajili yake mwenyewe?"

Nilimwambia aingie garini, safari ni ndefu, nikamfungia mlango. Wewe ungemwambia nini?