Mshale Uliofichwa Free Area

Apa kwanza kwamba haya hutamwambia mtu. Umeapa? Vizuri. Hata mimi niliapa, na ona sasa.

Zahanati moja hapa mtaani Free Area ina skrini ya kugusa kwa kidole. Unaandika jina lako, linaingia foleni mbele ya macho ya wote. Lakini majina ya marafiki wa karani yalikuwa yakipanda juu yenyewe, kama maziwa jikoni.

Juzi karani alimwambia fundi wa kompyuta, "Boss, ficha huo mshale kwa skrini. Unachanganya wazee." Kisha akaenda kunywa chai.

Fundi akabonyeza, mshale ukapotea. Akaniinamia mimi, mama niliyekaa mwanzo wa benchi. "Mathe, usiseme. Mtu akisukuma kipanya cha kompyuta, utatokea tena. Na hapa tunagusa kwa kidole. Kipanya ni cha nini?"

Nikaapa. Nikamwambia mama mmoja tu, yule wa mtoto aliyekuwa akikohoa tangu asubuhi. Siri ni kama chapati moto, hailiwi peke yako. Karani aliporudi, benchi lote lilikuwa linajua.

Akaketi, mkono wa kulia mfukoni mwa sweta. Mara mshale ukachomoza, ukashika jina la rafiki yake wa kwaya, ukalivuta juu ya jina la mtoto.

Mama akasimama, akanyoosha mkono. "Madam, tusalimiane."

Karani akampa wa kushoto.

"Wa kushoto? Kwenu mnasalimiana hivyo?"

Benchi lote likamkodolea macho. Mkono wa kulia ukatoka polepole, na kipanya kiganjani, taa yake ndogo nyekundu ikiwaka.