Mashavu ya Bi Castell

Kwa miaka mingi Keziah Tupman alijipatia mkate wake kwa kumpaka mashavu mwanamke aliyempenda. Walikuwa wanawake wanne katika chumba cha nyuma cha duka la picha la Bwana Fenn, hapo London, kila mmoja na rangi yake. Picha ikitoka mtamboni inapita kwa buluu, kisha kijani, kisha njano, hadi kwa Keziah, mwenye nyekundu. Waziri akionekana mlevi kwenye picha iliyobandikwa dirishani mwa duka, basi jua Keziah ndiye aliyemlevya.

Enzi hizo jiji zima lilikuwa wazimu kwa Bi Araminta Castell, mwigizaji. Wachoraji wenye heshima zao walimchora kama mungu wa kike, macho mbinguni, kisu mkononi. Keziah, msichana bado, alimtazama kutoka viti vya juu kabisa akifa jukwaani, akalia hadi chungwa lake likaingia chumvi. Baadaye Bi Castell akanenepa, na wachora vibonzo wakamshukuru Mungu: wakamchora amekufa jukwaani, wanaume wanahema kumbeba. Keziah alipaka huku akicheka, na mapenzi hayakupungua hata tone.

Kisha hata vibonzo vya kumcheka vikaisha, watu wakamsahau. Wiki ambayo Bi Castell alikuwa aage jukwaa kwa onyesho la mwisho Ijumaa, Bwana Fenn alileta sahani ya mwisho ya shaba ya kuchapia picha yenye sura ya mama huyo, ikwanguliwe, achorwe juu yake mwigizaji mpya, msichana.

"Bwana, mtie dirishani kwanza, japo wiki hii tu," Keziah akasihi.

"Atanunuliwa na nani? Hata kumcheka wameacha."

"Tutawakumbusha."

"Bi Keziah, shika brashi yako."

Hapo mlango ukasukumwa, akaingia mwanamke mpana mwenye kofia ya manyoya.

"Fenn! Dirishani kwako yumo Waziri, yumo hata yule nguruwe anayejua kusoma. Mimi simo. Nimekukosea nini?"

"Bi Castell... tulikuwa tunakustahi, mama."

"Mtu hustahiwa akishazikwa! Nani hapa alikuwa ananipaka mashavu?"

Keziah alitamani meza immeze. "Ni mimi, mama."

"Ulikuwa unanifanya kambakoche aliyechemshwa."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini, mwanangu? Mchana walikuja hapa dirishani kumcheka kambakoche, jioni wakaja ukumbini kunililia. Nipake tena."

Bwana Fenn, aliyekuwa akiuogopa ulimi ule kuliko moto, akairudisha sahani mtamboni kabla haijaguswa na kikwanguo. Wino haujakauka vizuri, Keziah akapaka bila huruma, akaibandika picha dirishani mwenyewe. Wabeba mizigo wawili wakasimama nje kuitazama.

"Hee! Si yule mama aliyekuwa akifa kwa nusu saa nzima?"

"Ndiye huyo huyo! Kumbe hajafa?"

"Marehemu mke wangu nilimtongozea pale ukumbini, mama huyu akikata roho jukwaani. Twende Ijumaa tukamwone."

"Twende, kabla hajafa kweli."

Nyuma ya kioo Bi Castell aliweka kofia sawa, akamshika Keziah mkono wenye rangi. "Umesikia?" akanong'ona. "Wanakuja."