Maua ya Vitunguu ya Mama

Mvua ya kwanza ikinyesha na udongo ukatoa ile harufu yake, mikono yangu huanza kuwasha. Mtu mzima mimi, nina watoto wangu, lakini nisipojizuia nitaingia bustanini nifukue kitu.

Nilikuwa na miaka minane, nyumbani kwetu Katubuka. Mama alikuwa na maua tuliyoyaita ya vitunguu, kwa kuwa huota kutoka vitunguu vidogo vya kahawia. Yakichanua ni mekundu sana, na shina lake hupinda kama ufito wa kuvulia ulionasa samaki. Baba hakuyapenda. "Hayaliwi hayo," alisema kila mwaka.

Mwaka huo Mama aliyapanda, akafunga mzigo wake, akaniaga kwamba anakwenda kwao Kagunga kumwangalia bibi. "Yakichanua utaniona, mwanangu." Sikujua kwamba walikuwa wamegombana, wala kwamba mwanamke akirudi kwao, mume ndiye humfuata. Baba alikuwa na kichwa kigumu. Alikaa barazani akishona nyavu ambazo hazikuchanika.

Mimi ningetuliaje? Asubuhi nilifukua kitunguu kimoja kuona kama kimeota. Mchana nikafukua kingine. Nilivirudisha, nikavimwagilia maji, nikavifukua tena. Kila boti iliyotoka kaskazini, upande wa Kagunga, niliikimbilia ufukweni mwa ziwa, nikarudi kufukua. Machipukizi yakakatika, vitunguu vikaoza. Hapo moyo ukanilipuka: yasipochanua, Mama harudi! Nikamwendea Baba na uozo wangu kwenye pindo la gauni, nikalia kwa kwikwi.

"Alisema atarudi yakichanua?" aliniuliza.

"Ndiyo, Baba."

Aliziweka nyavu chini. Kesho yake alinipeleka kwa jirani, akavaa shati lake la sikukuu, akapanda boti ya Kagunga.

Walirudi pamoja siku ya tatu. Mama, kabla hata ya kutua mzigo, alikwenda bustanini.

"Nani kaharibu hapa?"

Nilijibanza nyuma ya mlango.

"Mimi," akasema Baba. "Nisamehe, mama Zawadi."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile Baba aliniokoa na fimbo, nami nikampenda kwa hilo. Mpaka nilipoolewa, nami nikafunga mzigo wangu mara moja kurudi kwetu, ndipo Mama akanisimulia. Kule Kagunga, mbele ya wakwe, Baba alichoweza kusema ni "Twende nyumbani" tu. Neno la kuomba msamaha alikwenda nalo, akarudi nalo kwenye boti bila kulitoa, mpaka alipoiona ile bustani niliyoiharibu.