Siku Niliyomtandazia Karata

Aliyeninyonyesha hakuwa mama yangu mzazi. Alikuwa mtumwa wa nyumba yetu ya Malindi, na kwa desturi ya mji alikuwa mama yangu wa ziwa. Mimi nilimwita kwa jina lake tu. Yeye, mtu wa umri wa mama yangu, ndiye aliyeniamkia kila asubuhi: "Shikamoo, mwana." Nami, mtoto wa miaka sita, nilimjibu "Marahaba" huku natafuna mkate.

Alikuwa na karata zake, zimelika pembe, na saba ya pau iliyopotea aliichora mwenyewe kwenye kipande cha karatasi ngumu. Kila Siku ya Mwaka, mwaka wetu mpya wa Kiswahili, tukisha kukoga baharini na moto mpya ukisha kuwashwa jikoni, alitandika mkeka ukumbini, wanawake wa nyumba wakamzunguka. Kila mmoja alivuta karata tatu: ya kuacha, ya kushika, na ya kuangalia. Hakuwa mpiga ramli, hakutabiri safari wala waume. Alikuonyesha karata akakuuliza, "Unamwona nani hapa?" Ukimjibu alikuuliza tena, mpaka ukajisikia mwenyewe ukilitaja jambo lililokusumbua mwaka mzima. Mama yangu aliondoka pale uso umekunjuka. Baba alijifanya haoni, maana mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alisema karata ni mambo ya shetani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia, "Hebu vuta na wewe."

Serikali ilipotangaza kwamba utumwa umekwisha, wengi waliokuwa wetu walibaki mashambani. Yeye alifunga nguo zake na karata zake, akaenda kukaa nje ya mji, upande wa Barani, akawa anauza vitumbua. Mama alilia, akasema mtu yule hana shukrani. Mimi nikakubaliana naye.

Siku ya Mwaka iliyofuata nilikuwa nimeolewa, na mimba yangu ya kwanza imeshaonekana. Nilikuwa na hofu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Tulipotoka kukoga niliwaacha wenzangu njiani nikaenda kumtafuta, kanga zingali mbichi mwilini. Nilijiambia nakwenda kutandaziwa karata nipate kutulia. Ilikuwa kweli, lakini si yote. Nilitaka pia arudi anilelee mtoto wangu.

Nilimkuta mlangoni akipepeta mchele. Tukatazamana. Akaendelea kupepeta, nami nikatambua kwamba nilikuwa namngoja aniamkie. Uso ukanipata moto.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Ungo ukasimama mikononi mwake. "Marahaba," akajibu. "Karibu ndani."

Nilipomwambia nimefuata karata, alizitoa akaniwekea mapajani. "Leo changa wewe. Mimi nitavuta."

"Sijui, mama."

"Umenitazama miaka yote hiyo. Changa."

Nilizichanga vibaya, mbili zikanianguka. Nikazitandaza mkekani. Akavuta ya kuacha, ikatoka bibi wa kopa. Nikamwuliza vile alivyokuwa akituuliza sisi: "Unamwona nani hapa?"

Aliitazama sana. "Mama yako," akasema. "Alipokuzaa, maziwa hayakutoka. Mimi nilikuwa na mwanangu wa kiume, ndiyo kwanza atimize mwezi. Nikaambiwa nikupe wewe kwanza, yeye apate kitakachobaki. Nawe ulikuwa mlafi, hukubakisha. Wangu nikawa nampa uji mwepesi." Akairudisha karata mkekani. "Hakufika kukaa kitako."

Nilikua nikisimuliwa jinsi nilivyokuwa mtoto mnene, mashavu yakifunika macho. Wanawake wa nyumba walilisimulia jambo hilo wakicheka, na yeye alikuwapo akiwamiminia kahawa. Hakuna aliyemtaja mtoto mwingine.

"Nisamehe, mama."

"Ulikuwa mchanga. Nikusamehe nini? Lakini usitake niseme si kitu, maana ni kitu." Kisha akanitazama tumbo. "Na hilo jingine lililokuleta, jibu lake ni la."

Sikuwa nimelitaja. Hakuvuta karata ya pili wala ya tatu. Alinipa vitumbua, nikavila vyote kwa kuona haya kukataa.

Siku ileile nilimwendea mama yangu. Alikuwa akisuka ukili wa mkeka. Nilimwuliza kama alijua.

"Ulikuwa ukilia usiku na mchana," alisema. "Ningefanyaje?"

"Alikuwa na mtoto, mama."

"Najua alikuwa na mtoto. Sanda yake niliikata mimi." Aliendelea kusuka, akakosea, akafumua. Sikumsikia tena akisema mtu yule hana shukrani.

Nilipojifungua, maziwa yangu yalikuwa haba. Mama mkwe alimleta mwanamke wa Kigiriama kutoka bara, maskini ya Mungu, ana mtoto wa kike mgongoni. Nikasema mtoto wake atanyonya kwanza, wangu baadaye. Watu wa nyumba waliona nimerukwa na akili. Niliketi karibu nao kila mara kuhakikisha, na kila mara mwanangu alilia, nami nilijishika mikono. Siku moja alilia mpaka sauti ikamkauka. Nikanyoosha mkono, nikamtoa yule binti kifuani mwa mama yake kabla hajashiba, nikamweka wangu. Yule mwanamke alimpokea akageuza uso ukutani.

Watoto wote wawili walikua. Msimu wa kulima ulipofika, mwanamke yule alijiandaa kurudi kwao, na binti yake alikuwa akitambaa kwa kasi hata ikabidi nimkimbilie kizingitini nimrudishe. Nilimshika nikamwinua, mzito, anacheka. Nilitaka kumwambia mama yake jambo kuhusu siku ile moja. Nilianza, "Dada, ile siku…" Alinyoosha mikono akamchukua mwanawe, akamfunga mgongoni, akajitwika mzigo wake.

"Tuombeane uzima," akasema, akashika njia ya bara.