Waliozima Mji wa Binti Yangu

Binti yangu anashona mapazia. Cherehani yake iko chumba cha mbele, karibu na dirisha, na bei huwaandikia wateja kwa chaki juu ya meza. Ana kigugumizi tangu utotoni. Nyumbani kwetu hakuna anayemmalizia neno; likwame litakavyokwama, tutangoja. Mgeni akijifanya kumsaidia, baba yake humtazama mpaka anyamaze.

Asiposhona, alikuwa kwenye mchezo wa mtandaoni. Mwanzoni nilimchungulia sana kwa nyuma, nikidhani kuna mwanamume anamrubuni. Wanaume walikuwamo kweli, ila walikuwa wakigombania bei ya mbao zisizoshikika. Watu wa mataifa mbalimbali walikuwa wamejenga mji humo, na soko lake akiliendesha yeye. Aliandika, wakatii. Walimwita Mkuu. Huyu huyu ambaye dukani hununua uzi kwa kunyoosha kidole alikuwa akiamua kesi za watu wazima. Nikaacha kumchungulia kwa nyuma. Nikawa nachungulia mlangoni.

Kisha kampuni yenye mchezo ikawatumia wote ujumbe: inawashukuru kwa safari nzuri, na mwisho wa mwezi inazima mitambo. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakupambii teke lake kwa maua.

Wachezaji hawakuomba kuendelea kubebwa. Waliomba wapewe msimbo, yaani yale maandishi yanayouendesha mchezo, wauwashe wenyewe kwenye kompyuta zao na kwa gharama zao. Binti yangu alinieleza hayo huku akikunja pindo la pazia. Nikamuuliza kampuni itaufanyia nini huo msimbo. Akasema hakuna. Itauweka tu.

Wachoyo nimewaona. Nimemwona mtu akihama nyumba akakifukia kisima. Lakini huyo hakutuandikia kwamba anatupenda.

Shemeji yangu kinyozi alipopita alicheka mpaka akakaa. "Shemeji, msichana mzima analilia katuni?"

"Na wewe timu yako ilipofungwa si ulifunga saluni?" nikamjibu. "Tukakuletea uji kitandani."

Akasema mpira ni jambo jingine. Akaondoka.

Makelele ya wachezaji yalipozidi, kampuni ikakubali kumsikiliza msemaji wao mmoja, kwa sauti na picha, si kwa maandishi. Wakamchagua Mkuu. Hakuna aliyewahi kusikia sauti yake. Nilimwambia akatae, wapo wengine wenye midomo mepesi. Akasema soko ni lake. Usiku huo sikulala vizuri. Niliwaza kwamba mji ukimponyoka, na heshima yake itaondoka nao siku hiyo hiyo.

Siku ilipofika nilikaa kitandani kwake, pembeni, nisionekane. Meneja wa kampuni akatokea kwenye kioo cha kompyuta na meno meupe, na nyuma yake ua la plastiki. Wachezaji wengine walikuwa wakisikiliza. Binti yangu akaanza, neno likakwama.

"Mnaomba muda zaidi," meneja akamdakia. "Tunawaelewa, ila muda hatuna."

Akaanza tena.

"Fedha mlizotumia," akasema yule. "Kwa bahati mbaya hazirudishwi."

Nilishikilia shuka. Mtu anakutilia ombi mdomoni, kisha anakukatalia ombi lake mwenyewe, na bado anatabasamu.

Binti yangu akaweka kiganja mezani. "Ngo... ngoja nimalize."

Meneja akangoja, hakuwa na namna. Ilichukua muda, na meno yakawa yanajificha moja moja. Binti yangu akasema hawaombi muda wala fedha. "Tu... tupeni mnachokitupa."

Meneja akakohoa. Akasema msimbo una siri za kampuni, na ukiwa mikononi mwa watu ovyo, jina la mchezo linaweza kuchafuka. Kumbe! Mchezo wameuchinja wenyewe, sasa wanalinda sifa za marehemu. Akaahidi kupeleka suala kwa wakubwa. Jibu la wakubwa lilikuja kwa mistari miwili, nalo lilikuwa hapana.

Siku ya kuzimwa, binti yangu hakugusa cherehani. Tangu asubuhi alikuwa sokoni kwake, akifungua ghala moja baada ya jingine, akimrudishia kila mtu alichokuwa amekiweka: mbao, ng'ombe, mapanga, taa. Wengine walimwandikia aache kujisumbua, maana jioni vyote vitapotea. Hakuacha. Chai niliyomletea ilipoa kando yake.

Nikashindwa kuvumilia. "Mwanangu, unawarudishia ya nini, na vinakufa vyote?"

Hakugeuka. Alikuwa akitafuta mwenye taa ya mwisho.

"Si... si vyangu, mama," akasema.

Akampata mwenyewe, akamkabidhi. Baadaye kidogo kioo kikawa cheusi.