Maji ya Pangoni

Leo nimewadanganya watafiti, na wameniamini.

Walikuja nyumbani kuuliza habari za pango letu, lile la mwambani ambalo ni hifadhi. Mvua siku hizi zinashuka kwa fujo, kwa hiyo wanataka kujua zamani maji yalifika wapi. Watajenga njia ya wanafunzi kuingia humo.

Wakaniuliza mimi, kwa kuwa ni mzee na nilikuwa mwalimu.

(Kuulizwa kunapendeza, jamani.)

Nikasema, "Ndani ya pango? Maji hayajawahi kuingia hata mara moja."

Wakaandika. Wakanishukuru. Wakapiga picha na mimi.

Dada yangu Tulalumba alikuwa anamimina chai. Hakusema neno.

Walipoondoka akakaa karibu nami.

"Kaka, maji yaliingia. Tulikuwa tumejikinga mvua humo na mbuzi, tukatoka yakiwa magotini. Wewe ulikuwa Makambako."

Ni kweli. Serikali iliporuhusu biashara huria niliacha chaki, nikaenda huko kuuza mitumba. Miaka ile yote sikuwepo.

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningekuumbuaje mbele ya wageni? Wewe ndiye mkubwa wetu."

Moyo wangu umechoka, daktari hanifichi. Sitaki nife halafu watoto waingie mle kwa neno langu.

Anayewajua wale watafiti awaambie warudi, wamuulize Tulalumba.

Chai nitamimina mimi, kama mikono itakubali.