Wake Wawili wa Mwezi

Baba yangu, Josia wa Kagoma, aliamini kwamba mwezi una wake wawili, nao ni nyota. Mke mkubwa hupika chakula cha jioni, ndiyo maana hung'aa magharibi jua likishazama. Mdogo huamka alfajiri kuchemsha uji, mashariki, upande wa ziwani. Hawakutani, alisema, kwa sababu mwezi kamjengea kila mmoja nyumba yake.

Mama yangu, Kokushubila, hakukubali hata siku moja.

"Nyota ni ile ile. Mwezi wa Kagoma ni Mlutheri, ana mke mmoja."

"Mama Agnetha, umewahi kumwona akihama?"

"Na wewe umewahi kuwaona wote wawili siku moja?"

"Wake wenza hawakai jiko moja!"

Ubishi huu ulikuwa wa Januari. Mvua zimepungua, maharage yamevunwa, anga ni safi na watu wana nafasi. Tata, ndivyo tulivyomwita Baba, hakutuma heri ya mwaka mpya kwa simu. Alipita nyumba kwa nyumba hadi mwezi ule uishe, na kila alikokaribishwa aliuliza: mmoja au wawili?

Nilipokuwa sekondari nilidhani nitaumaliza. Nikamwambia ile ni sayari, inaitwa Zuhura, na ni moja tu.

"Mwalimu wako aliiona ikihama, au alisoma?"

"Alisoma."

"Basi bado."

Januari ya 2025 kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua, hakuweza tena kuzunguka. Akaweka kiti mbele ya nyumba, akawa anaiangalia nyota ya jioni. Mwezi wa tatu ikashuka, ikapotea. Baada ya Pasaka, akielekea kibanjani asubuhi kukata majani ya migomba, akaikuta nyingine inawaka upande wa ziwani.

"Mdogo karudi!" alipiga kelele.

"Mkubwa kahama!" Mama alijibu kutoka jikoni.

Kila mmoja akajihesabu mshindi. Lakini Tata aliona mwili wake unavyokwenda. Siku moja akaniita. "Agnetha, Januari ijayo mkubwa atarudi jioni, kama mwaka huu. Uangalie jioni, halafu alfajiri yake. Ukiwakuta wote wawili, nimeshinda. Ukimkuta mmoja tu, Mama yako kashinda. Vyovyote, uje uniambie ukweli."

Mwezi wa tisa Bwana akamchukua. Tulimzika kwenye kibanja chake, kati ya migomba nyuma ya nyumba.

Basi mwaka huu nilitoka Buhembe, ninakoishi, nikaja nyumbani kuvuka mwaka na Mama. Tarehe moja, baada ya ibada, jirani yetu Byabato alisimama mlangoni akishika kofia.

"Mama, nashindwa. Niseme pole au niseme heri?"

"Sema zote, Byabato, halafu ukae ule. Josia angekuuliza swali lake kwanza."

"Mimi nilimjibu wawili kila mwaka," akasema, akikaa. "Alikuwa ananipa mguu wa kuku."

Jioni ile nilisimama mahali pa kile kiti. Magharibi hapakuwa na kitu. Nikageuka, nikaona nyota kubwa inachomoza.

"Mama! Yule pale!"

Akatoka, akatazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Huko ni ziwani, mwanangu. Mke wa jioni anafuata jua linapozama. Huyo ni mpita njia."

Alfajiri nikaamka. Upande wa ziwani, mpaka jua linatoka, hapakuwa na kitu. Nikarudia hivyo hadi sikukuu ya Epifania, siku ambayo mchungaji alihubiri juu ya nyota ya mamajusi. Bado jioni hapakuwa na mtu, wala asubuhi. Tata hakuniambia nifanye nini nisipomkuta yeyote. Ningekwenda kumwambia ukweli gani?

Tukiwa tunachambua maharage, nikamwuliza Mama. Alitupa mawe madogo pembeni.

"Nyumba ya wake wawili haiachwi tupu," akasema. "Hata msibani akienda mmoja, mwingine anabaki kupokea wageni. Kama wangekuwa wawili, mmoja tungemwona. Huyu ni mmoja, na amesafiri."

Nikakubali. "Basi umeshinda, Mama."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Nimemshinda nani?"

Tukaenda pamoja kibanjani. Nikainama kaburini nikasema kama alivyoniagiza: "Tata, tumeangalia pande zote mbili. Ni mmoja." Kisha nikaomba, Mama akaitikia amina.

Tulipogeuka kuondoka, akanishika mkono.

"Rudi umwambie na hili. Tutaangalia tena mwezi wa pili. Safari ni safari, huenda akarudi na mwenzake."